Kivuli cha Mama Mkubwa

Zilikuwa ndani ya kopo la biskuti
lenye picha ya malkia aliyechubuka pua.
Nilitarajia harufu ya samaki.
Ikatoka ya dawa ya nondo.

Ishirini na tatu. Nimezihesabu mara mbili.
Zote za Ghuba ya Crocker, pwani ya Newfoundland,
kabla serikali haijaipigia kila kaya hesabu ya dola
na kusema: hameni, hapa hapana daktari, hapana barabara,
na barafu hufunga mlango tangu Januari.

Hii ni ya uchanja wa chewa.
Mamia wamepasuliwa, wamelazwa kifudifudi juani
kama vitabu alivyoviacha mtu aliyeitwa nje ghafla.
Mama anawageuza. Ana miaka tisa;
aproni si yake, inamfika vifundoni.

Hii: wajomba, Azariah na Eliakim,
waliokuwa hawasemezani tangu mwaka wa ule ugomvi.
Wameshika ncha mbili za wavu uleule,
kila mmoja na upande wake wa kutazama.
Damu nzito kuliko maji, husema watu.
Wavu uliolowa ni mzito zaidi.

Hii: mbwa.
Nyuma pameandikwa tarehe, na hali ya hewa,
na bei ya chumvi. Jina la mbwa hapana.

Na katika kila moja, chini, penye kokoto,
kuna kivuli:
kofia, mabega, na viwiko viwili vilivyochomoza
kama masikio ya sufuria.

Huyo ndiye Mama Mkubwa, Drusilla.
Kamera aliinunua kwa pesa za matunda ya mwituni,
kiangazi kizima kainama kwenye kinamasi,
nzi wakimla shingo, akiuza kwa galoni.
Babu alifoka: pesa hiyo ingenunua viatu!
Akajibu: viatu vitakwisha.

Vimekwisha, kweli.
Naye uso wake hauko popote koponi.
Najua tu saa zake: kivuli kifupi, adhuhuri,
kivuli kirefu, ameshamaliza kupara samaki
na bado hajaitwa kula.

Ya mwisho ni ile tuliyoitundika ukutani miaka yote.
Nyumba iko baharini.
Wageni hushtuka, hudhani mafuriko.
Hapana, tunawaambia, tulikuwa tunahama nayo:
mapipa matupu ya mafuta yamefungwa chini ya sakafu,
boti sita zinavuta,
mapazia yananing'inia, bomba la jiko limesimama wima
kama mtu anayejikaza asicheke msibani.

Nimezipitia boti kwa lenzi.
Babu, usukani. Azariah na Eliakim,
safari hii boti moja, watafanyaje.
Bibi kakumbatia saa ya ukutani.
Dirisha la juu kuna doa jeupe:
Mama, amekatazwa kuchungulia, anachungulia.
Ghuba nzima imo majini.

Na chini, penye kokoto,
viwiko viwili.

Miaka arobaini nimeitazama nyumba.
Nani angetazama kitu kingine, nyumba ikielea?
Jana usiku ndipo nilipoelewa
kwamba ili picha ile ipatikane
ilibidi mtu abaki ufukoni,
na nyuma yake mashimo ya nguzo, bustani ya viazi,
mbwa, labda.

Nikampigia Mama.
Nani alirudi kumchukua?

Kimya. Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni.
"Boti ya posta, nadhani.
Ilikuwa ikipita kila Jumanne."

Na siku mliyohama ilikuwa siku gani?

Akahesabu kwa kunong'ona, kwa vidole, namjua.
"Jumamosi," akasema. Halafu, baada ya muda:
"Hatukuuliza. Mawimbi yalianza nje ya ghuba,
sote tukawa tumelishika jiko lisianguke."